Vikundi saba, kijana mmoja amechomwa kisu: nani apigiwe simu kwanza?

SWALI: Mimi ni kocha wa timu ya vijana hapa Huruma, Nairobi. Tuko na vikundi saba vinavyojaribu kuzuia fujo za vijana: kanisa, msikiti, chama cha kina mama, stegi ya bodaboda, wazee wa Nyumba Kumi, shirika moja la mtaani na sisi watu wa mpira. Kila mwezi tunakutana kwa chifu. Lakini juzi maskani mbili, yaani vijiwe vya vijana, zilivutana siku tatu nzima, na wengi wetu tulipata habari kijana akiwa ameshachomwa kisu. Sasa kuna pendekezo tuandike orodha moja ya vijana walio hatarini, tuiweke kwenye grupu ya WhatsApp, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, awemo. Je, hiyo ndiyo njia ya kuunganisha kazi yetu? Na nani aongoze?

JIBU: Kocha, nianze na hiyo orodha kwa sababu haiwezi kungoja. Msiiandike. Kama imeshaandikwa, ichaneni, na kila aliye nayo kwenye simu aifute mbele ya wenzake.

Nasema hivyo kwa yale niliyoyaona. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, tuliandika majina ya vijana 23 tuliotaka kuwatafutia nafasi kwenye chuo cha ufundi. Ilikuwa karatasi moja tu: jina, lakabu, maskani anayokaa. Nakala tukaiacha kwenye ofisi moja tuliyoiamini. Wiki mbili hazijaisha, mama mmoja akanifuata sokoni na simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya karatasi ile ile, hata mahali nilipokata jina kwa kalamu nyekundu panaonekana. Akaniuliza, "Mtoto wangu amefanya nini?" Sikuwa na la kumwambia. Kati ya wale 23, hakuna aliyerudi kwetu. Katika mji ambao picha za vijana zimewahi kurushwa mtandaoni pamoja na vitisho, kisha baadhi yao wakaonekana wamepigwa risasi, jina la mtu kwenye orodha ya "walio hatarini" linaweza kuwa ndilo hatari yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla hamjashughulikia habari za mtoto, na sidhani kuna mzazi aliyeulizwa.

Cha kukusanya pamoja ni matukio, majina yakae kando. Daktari mmoja wa upasuaji wa mdomo na uso huko Cardiff, nchini Wales, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba sehemu kubwa ya watu waliofika hospitalini wakiwa wamepigwa au kukatwa hawakuwa kwenye rekodi za polisi kabisa. Akaanzisha utaratibu mwepesi: anayempokea majeruhi anauliza imetokea wapi, saa ngapi, na kwa silaha gani. Jina halitoki hospitalini. Majibu hayo yanapelekwa kwa wanaoweza kubadilisha kitu mahali pale.

Sisi tulilijaribu jambo hili kwa daftari la shilingi hamsini. Muuguzi wa kliniki moja ndogo alikubali kuandika mstari mmoja kwa kila kijana anayekuja kushonwa. Kabla ya hapo kila mtu kwenye mikutano alikuwa na hakika kwamba shida ni mwisho wa mwezi na pombe haramu. Baada ya wiki tisa tulilifungua daftari juu ya meza, na mistari mingi ilikuwa inasema kitu kimoja: Jumapili, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, karibu na kivuko cha mto. Silaha ilikuwa chupa au kisu cha jikoni. Kijana mmoja wa maskani, tuliyemkaribisha siku hiyo tu, akatazama akasema, "Hapo ni wakati mechi imeisha." Mashabiki wa pande mbili walikuwa wanatoka uwanjani giza likiingia, na wote wanapita kwenye ubao mmoja kuvuka. Tulihamisha mechi zikachezwa asubuhi, tukaomba taa moja pale kivukoni. Taa ilichukua miezi mingi kuja. Mechi zilihama Jumapili iliyofuata, na kurasa za Jumapili zikaanza kubaki tupu. Wewe, kocha, una ratiba ya mechi mkononi mwako. Hicho ni chombo ambacho chifu hana wala OCS hana.

Sasa siku zile tatu. Ugomvi wa maskani hauanzi na kisu. Unaanza na simu iliyochukuliwa, deni la shilingi mia mbili, msichana, au tusi lililoandikwa Facebook. Kati ya hapo na damu huwa kuna saa nyingi, na kwenu zilikuwa siku. Nina hakika kuna mtu katika vikundi vyenu saba aliyejua siku ya kwanza, labda wa bodaboda, kwa sababu wao husikia mapema kuliko wote. Alijua, lakini hakuwa na mtu wa kumpigia. Hapo ndipo uratibu wenu ulipokatikia, na mkutano wa kila mwezi hauwezi kupaziba.

Kwa hiyo wekeni zamu ya simu: watu wawili kila wiki, namba moja inayojulikana na wote saba, mchana na usiku. Wawili hao wasiwe wenye vyeo, wawe wale ambao wakifika maskani, vijana hawanyamazi. Huko Chicago, mwaka 2000, daktari wa magonjwa ya mlipuko Gary Slutkin alianza kazi ya namna hii katika mtaa wa West Garfield Park. Hoja yake ni kwamba vurugu huambukizana kama maradhi, na anayeweza kuukata mnyororo ni mtu ambaye walio ndani yake wanamwamini, mara nyingi aliyewahi kuishi maisha hayo hayo. Kwenu watu hao wapo. Ni yule aliyetoka jela akafungua kibanda cha kuosha magari, na wengine kama yeye. Mnawajua, hamjawaita tu.

Tukio likishatokea, kazi igawanywe mapema, maana saa zinazofuata ndizo za kisasi. Mtu mmoja aende hospitalini, kwa sababu mpango wa kulipiza hupangwa pale pale kwenye benchi, marafiki wakisubiri. Wa pili abaki na upande uliochoma, ambao unaogopa, na anayeogopa hushika kisu mapema. Kina mama wa chama waende kwa mama wa majeruhi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nimeona mama akitoka nje ya nyumba yake saa nne usiku, leso kichwani, akawaambia vijana ishirini waliojaa uani, "Sitaki mtoto wa mtu aumizwe kwa ajili ya wangu." Walitawanyika. Sijui mzee, mchungaji wala askari ambaye angesema vile wakamsikiliza. Na mambo yakifika mazishini, matanga yawe na watu wenu kila usiku.

Wazee wa Nyumba Kumi msiwatume maskani. Mpango huo ulishika kasi baada ya shambulio la Westgate la mwaka 2013, na lengo lake la kujuana majirani ni jema, ila vijana wengi wanawaona kama macho ya serikali. Nguvu yao iko kwa wenye nyumba, wauzaji na wazazi. Waacheni huko.

OCS mnamhitaji, ila asikae kwenye grupu. Katiba, katika ibara ya 244, inaitaka huduma ya polisi ijenge uhusiano na jamii, na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 imeweka ulinzi wa kijamii kwenye maandishi. Basi mwombeni kikao, ana kwa ana, na mahitaji yanayoeleweka. Askari wa sare waonekane mahali na saa daftari linapoonyesha. Mkipiga simu kwamba kundi linajikusanya, ije gari moja ya kusimama hapo, usije msako wa kuzoa kila kijana mwenye kofia. Na aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24 jinsi ibara ya 49 inavyosema, nanyi mjulishwe yuko kituo gani ili mzazi aende. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai hadi miaka 12.

Kuhusu kiongozi, ningemchagua mweka daftari badala ya mwenyekiti, na ningemtoa kwenye chama cha kina mama. Lile shirika la mtaani lina mradi na mfadhili. Mradi ukiisha, daftari litafungwa nao. Kina mama watakuwa hapo.

Mkishatuliza, msimrudishe kijana kwenye semina ya siku moja yenye soda na mandazi. Huko Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliokuwa kwenye uhalifu walifuatiliwa katika utafiti. Waliopata wiki 8 za mafunzo ya kudhibiti fikra na hasira, pamoja na dola 200, walionekana wametulia zaidi hata miaka 10 baadaye, kuliko waliopata pesa peke yake. Hamna fedha hizo, najua. Lakini mna uwanja, na vijana wanaokuja mazoezi mara tatu kwa wiki bila kulipwa. Nusu saa baada ya mazoezi, wiki nane mfululizo, na mshauri nasaha mmoja mliyemwomba, inawezekana.

Jumatatu ijayo kutaneni nusu saa tu, bila chifu, mtu mmoja kutoka kila kikundi. Leteni daftari tupu na laini moja ya simu. Swali la kwanza liwe kwa yule wa bodaboda: siku ile ya kwanza, ulisikia nini?