Sumaku ya MRI na chuma kilicho mwilini

SWALI: Mama yangu ana ugonjwa wa figo na hudungwa madini ya chuma kwa ajili ya upungufu wa damu. Alipokwenda kupigwa picha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu) tuliambiwa avue kila kitu cha chuma, kisha mtaalamu akauliza tarehe ya sindano ya mwisho. Nasikia pia zipo chembechembe za chuma zinazodungwa makusudi ili picha ionekane vizuri. Je, sumaku haizivuti?

JIBU: Huvutwa, lakini kwa nguvu ndogo mno. Nguvu ya mvuto hutegemea ujazo wa chuma, na chembechembe hizi za oksidi ya chuma zina kiini chenye upana wa takriban nanomita 10, kiasi kwamba 100,000 zikipangwa mstari hufikia milimita moja tu. Msukosuko wa joto la mwili huzitawanya kuliko sumaku inavyoweza kuzikusanya. Aidha, zikitoka kwenye sumaku hazibaki na usumaku wowote, hivyo hazishikamani zikaziba mishipa.

Kazi yake ni kuvuruga uga wa sumaku katika eneo dogo linalozizunguka. Picha ya MRI hutokana na mawimbi ya viini vya haidrojeni, hasa vya maji ya mwilini. Penye chembechembe hizo mawimbi hufifia upesi na pahali hapo huwa peusi. Mfano ninaoupenda ni wa ini. Seli za ini zinazomeza uchafu wa damu huzimeza chembechembe hizo pia, na ini lote hugeuka jeusi, ilhali uvimbe wa saratani, ambao kwa kawaida hauna seli hizo, hubaki uking'aa katikati ya weusi, hata ukiwa mdogo. Feridex, dawa ya picha yenye chembechembe hizo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, ilifanya kazi kwa njia hiyo. Ilikwisha kutoka sokoni, na kwangu hiyo ni hasara.

Suala la mama linahusu hasa ferumoxytol, dawa ya chembechembe za aina hiyohiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Baadhi ya madaktari huitumia pia kwa picha, kwa kuwa baadhi ya dawa za gadoliniamu, metali nyingine inayodungwa ili picha ionekane vizuri, ziliwahi kuhusishwa na ugonjwa mbaya wa kukakamaa kwa ngozi kwa watu wenye figo dhaifu. Nayo ina hatari yake: tangu mwaka 2015 hubeba onyo kali kuhusu mzio unaoweza kuua, ndiyo maana hutolewa kwa dripu ya polepole, si chini ya dakika 15, mgonjwa akiangaliwa.

Chuma chake hutumiwa na mwili kutengeneza damu, lakini kinaweza kubadili picha za MRI kwa muda wa hadi miezi mitatu, na msomaji wa picha asiyejua anaweza kuudhania weusi huo kuwa ugonjwa. Si kila sindano ya chuma ina athari kubwa hivyo. Kwa hiyo andika jina kamili la dawa ya mama pamoja na tarehe aliyodungwa, umkabidhi mtaalamu kabla mama hajaingia kwenye mashine.