Meseji alishafuta na laini kabadilisha, polisi walijuaje alikuwa Mbagala?

SWALI: Habari mtaalamu. Mdogo wangu aliitwa kituoni kuhojiwa kuhusu duka lililovunjwa Mbagala. Alikuwa ameshafuta meseji zote na kubadilisha laini, lakini askari walimtajia watu aliowapigia usiku ule, saa na eneo alilokuwa. Simu yake ilikuwa inasikilizwa? Na sheria inawaruhusu?

JIBU: Poleni kwa msukosuko. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili ya kusikilizwa. Hayo yote yanapatikana bila mtu kusikia hata neno moja.

Kila simu inapopigwa, mtambo wa kampuni ya simu huandika mstari mmoja: namba iliyopiga, iliyopokea, tarehe, saa (tuseme 3:14 usiku), muda wa maongezi (tuseme sekunde 47), mnara uliobeba simu hiyo na upande wa antena, pamoja na IMEI, yaani namba yenye tarakimu 15 inayotambulisha simu yenyewe (piga *#06# uione ya kwako). Mstari huo uko kwenye kumbukumbu za kampuni, kwa hiyo kufuta kwenye simu hakuugusi. Laini mpya nayo haikumsaidia. Ameitia kwenye simu ileile, basi IMEI ni ileile, na amesajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilezile.

Kumbukumbu hizo pia huchimbwa, yaani hupekuliwa nyingi kwa pamoja ili kupata zinazofanana: mpelelezi anaweza kuomba namba zote zilizopita mnara wa karibu na duka, tuseme kati ya saa 3 na saa 5 usiku, akazilinganisha na za mnara wa tukio lingine. Namba zinazojirudia ndizo anazoanza nazo. Kwenye orodha hiyo wamo pia mama lishe, abiria wa daladala na wagonjwa waliokwenda zahanati, watu wasiotuhumiwa kwa lolote. Mimi hapo ndipo ninapoona hatari kwa faragha, kuliko kwenye hofu ya kusikilizwa.

Mwambie wakili wenu asikubali neno "eneo" lipite hivihivi. Mnara hauonyeshi mlango wa duka. Mjini unaweza kuhudumia mitaa kadhaa, vijijini kilomita nyingi, na wa karibu ukielemewa simu hudakwa na wa mbali. Kinachothibitika ni kwamba simu ilikuwa ndani ya eneo la mnara. Nani alikuwa ameishika, hilo ni swali jingine.

Kuhusu sheria, Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na sheria ya mawasiliano ya 2010 inaikataza kampuni kutoa taarifa za mteja isipokuwa kwa aliyeidhinishwa kisheria. Ila kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru data itolewe kwa ajili ya upelelezi, bila kupita kwanza kwa hakimu. Naona mlango huo ni mpana mno. Marekani, katika kesi ya Carpenter ya 2018, polisi walikuwa wamechukua kumbukumbu za minara za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali mtuhumiwa alipokuwa. Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 kwa 4, kwamba kwa kumbukumbu za namna hiyo polisi kwa kawaida wanahitaji hati ya upekuzi ya mahakama.

Kwa hiyo wakili aulize: amri ilitolewa na nani, kwa maandishi, kwa namba ipi na kwa tarehe zipi? Kama tukio ni la usiku mmoja na zimechukuliwa kumbukumbu za miezi sita, hiyo ni hoja. Na ikigundulika mfanyakazi wa kampuni alizitoa kwa urafiki tu, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ina misamaha kwa upelelezi wa jinai, lakini kupeana taarifa za mteja kwa kujuana hakumo.