Maswali ya Wasomaji: Laptopu Inawaka, Kisha Inaganda

SWALI: Nina laptopu ya mtumba, Windows 10, RAM GB 4 na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Skrini ya kuingilia inakuja baada ya dakika moja hivi, ila nikishaweka neno la siri inaganda dakika tatu nyingine. Fundi anataka kupiga Windows upya. Hakuna njia nyingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usipige Windows bado. Mashine inayoganda baada ya neno la siri mara nyingi inaelemewa na programu zinazojiwasha zenyewe. Hadi diski yako ina sahani zinazozunguka na mkono mmoja wa kusomea. Programu kumi zikiudai kwa mkupuo, mkono unahangaika huku na huko, na muda unaishia njiani.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager. Kikija kidirisha kidogo, bofya More details, kisha ingia Startup. Juu kulia huenda ukaona Last BIOS time: hizo ni sekunde zinazopita kabla Windows haijaanza. Zikiwa 20 au zaidi, chomoa kwanza flashi na vifaa vingine vya USB ujaribu tena, maana hizo sekunde hazitokani na programu.

Sasa bofya kichwa cha safu ya Startup impact. High maana yake programu ilitumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au ilisoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. Usizime kwa kufuata neno hilo tu. Jiulize programu ni ya kazi gani. Za muziki, michezo, mikutano ya video na vikumbusho vya printa, bofya kulia uchague Disable. Programu haifutiki, utaifungua mwenyewe ukiihitaji. OneDrive nayo unaweza kuizima, ila faili zako hazitapanda mtandaoni mpaka uifungue. Antivairasi iache. Synaptics au ELAN pia iache, la sivyo tachipadi inaweza kupoteza ishara za vidole viwili.

Zima tatu au nne, chagua Restart, upime kwa saa ya simu. Pima kwa Restart, si Shut down: Fast startup ikiwa imewezeshwa, Shut down huhifadhi sehemu ya Windows kwenye diski ili iwake haraka, hivyo kipimo chako kitakudanganya.

Ikibaki nzito na safu ya Disk (iko Processes, humo humo Task Manager) bado inasoma 100% kwa dakika kadhaa, hela ya kupiga Windows weka kwenye SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ya SATA ya inchi 2.5. Laptopu nyingi za aina hiyo huipokea palepale ilipokaa hadi diski.

SWALI: Kuna programu naizima kwenye Startup, ikipata toleo jipya inarudi. Nifanyeje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Izime kutoka ndani yake. Fungua mipangilio ya programu yenyewe, utafute palipoandikwa ijifungue unapoingia kwenye kompyuta, uondoe tiki. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, Enter, ifunguke folda ya Startup. Ukikuta njia ya mkato (shortcut) ya programu hiyo humo, ifute. Ukifuta njia ya mkato, programu inabaki.