Kimeng'enya kinapenda peptidi ipi?
Mdogo wangu wa Moshi, unauliza kwa nini usijaribu peptidi (vipande vifupi vya protini) mojamoja kwenye vichupa hadi ujue kimeng'enya chako kinapenda ipi. Piga hesabu: asidi amino, vijenzi vya protini, ziko 20, kwa hiyo kipande cha nafasi nne tu kina mipangilio 160,000. Utazeekea maabara!

Badala yake, kwenye slaidi ya kioo unabandika maelfu ya peptidi, kila moja na doa lake, kama mafungu ya nyanya huku kwetu Arusha, Soko la Kilombero, kisha unamwagia kimeng'enya mara moja. Kikiwa cha kupachika fosfati, doa lililopachikwa unalitambua kwa kingamwili yenye rangi au fosforasi ya mionzi. Kikiwa cha kukata, peptidi huwekewa rangi inayowaka ikikatwa; tripsini, kwa mfano, itawasha zile zenye asidi amino za lisini au ajinini mahali pa kukatia.

Ila usiamini doa moja. Peptidi fupi haina mkunjo wa protini nzima, na ikibanwa kwenye kioo huenda kimeng'enya kisiifikie vizuri. Zilizowaka sana zirudie kwenye myeyusho, upime kasi ya kimeng'enya. Hapo sasa toa vichupa vyako.