Jibu: Nimemsamehe kaka, mbona moyo bado unadunda?

Pole sana ndugu. Umesema kaka yako aliuza kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, bila kukushirikisha, ukamtamkia umemsamehe, lakini ukimwona tu moyo unakwenda mbio. Unauliza kama msamaha wako ni wa kinafiki.

Sidhani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Everett Worthington, hutenganisha mambo mawili: kuamua kutolipiza, na hisia zenyewe kubadilika. La kwanza unalimaliza leo, la pili huja kwa mwendo wake. Na huyo haongei hewani, mama yake mzazi aliuawa na mtu aliyevunja nyumba.

Hata kudunda kwa moyo kumeshapimwa. Mwaka 2001 Charlotte Witvliet na wenzake waliwafuatilia wanafunzi 71. Walipochochea kinyongo, mapigo ya moyo na presha vilipanda kuliko walipowaza kusamehe, na jasho pia.

Mimi mwenzangu wa mitumba pale soko la Memorial, Moshi, alinidhulumu hela ya marobota mawili. Miaka mitatu nilizunguka soko zima nisipite mbele ya meza yake. Siku hizi napita, salamu natoa, ila macho bado naangalia viatu vya jirani yake.

Kwetu Uchagani mkosaji huleta jani la mmea wa sale kuomba msamaha, na ukiletewa ni vigumu kukataa. Lakini sale hilohilo ndilo tunalopanda mpakani! Kwa hiyo kumsamehe hakukuzuii kutaka karatasi za mauzo ziwekwe mezani mbele ya ukoo. Kwani kaka ameshakuja kuomba radhi, au ulimsamehe kimyakimya?