Barua kwa Mwanangu: Vitu vya Kubeba Garini Kabla Baridi ya Fargo Haijakukuta

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka hapa St. Cloud, Minnesota, sote hatujambo. Umeniuliza kama lile boksi la dharura uliloliona dukani, lenye nyaya za kubusti betri, pembetatu nyekundu na vifaa vya huduma ya kwanza, litakutosha kwa safari zako za kazini za majira ya baridi kutoka Fargo hadi Jamestown, huko Dakota Kaskazini.

Halitoshi, mama. Boksi lile limepangwa kwa ajili ya mtu aliyepata pancha mjini. Wewe utakuwa kwenye barabara kuu ya I-94, maili 90 na ushee za uwanda mtupu, kama kilomita 150, karibu hakuna mti wa kuzuia upepo. Upepo ukivuma huko huinua theluji iliyolala mashambani na kuipeperusha barabarani, ukashindwa kuona hata boneti yako ilhali juu mbingu ni safi bila wingu. Dakota Kaskazini wana mageti ya kufunga barabara kuu, na wakiyafunga, gari la kukuvuta haliji mpaka hali itulie. Kwa hiyo vitu vya kutengenezea gari vije baadaye. Anza na vitakavyokuwezesha kulala ndani ya gari usiku kucha.

Cha kwanza ni petroli. Geji isishuke chini ya nusu kuanzia Novemba mpaka Machi. Gari dogo kama lako likiunguruma bila kutembea hula lita 1 hadi 2 kwa saa. Ukiwa umekwama unawasha dakika 10 tu kila saa, kwa hiyo usiku wa saa 12 ni saa 2 za injini, yaani lita 2 hadi 4. Utasema basi hata robo tangi inatosha. Inatosha kama umekwama ghafla. Lakini mara nyingi watu hukwama baada ya kujikokota saa tatu nne kwenye foleni, hita ikiwaka muda wote, na robo yenyewe imeshaliwa.

Sasa sikiliza vizuri habari ya ekzosi, maana hapa ndipo watu wanapofia ndani ya gari lenye petroli na hita nzima. Theluji ikirundikana nyuma na kuziba bomba, moshi unarudi chini ya gari na kupenya ndani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha usingizi, na mtu aliyekwama tangu mchana anadhani ni uchovu tu. Kabla ya kuwasha injini, kila mara, shuka ufukue nyuma ya gari mpaka uone mdomo wa bomba na nafasi ya wazi kulizunguka. Teremsha kidogo, upana wa kidole, kioo cha upande usiopigwa na upepo. Washa dakika 10, zima. Hata kama ulifukua saa moja iliyopita, fukua tena.

Ndiyo maana koleo linakaa ndani, nyuma ya kiti chako, wala si kwenye buti. Buti linaweza kuganda au kufunikwa, na huwezi kufukua koleo bila koleo. Nunua la alumini lenye mpini wa kukunja. La plastiki hupasuka kwenye baridi kali. Ukishuka wakati huoni mbele, jifunge kiunoni kamba ya kuvutia gari na ncha nyingine uifunge kwenye mlango. Usione ni mzaha: hatua kumi tu zinatosha kumpoteza mtu.

Na usiliache gari kwenda kutafuta nyumba. Nyuzi sufuri za Farenhaiti, yaani −18 za Selisiasi, na upepo wa maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Gari ni ukuta, na waokoaji hutafuta gari kwanza. Funga kitambaa chekundu juu, kwenye antena au mpini wa mlango. Usiku washa taa ya ndani injini inapofanya kazi tu, usije ukamaliza betri.

Kwa joto la mwili, beba mfuko wa kulalia ulioandikwa unafaa hadi −18, au mablanketi mawili ya sufu. Ongeza kofia, soksi za sufu pea mbili, buti za theluji, na glavu za kidole gumba peke yake, maana vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Vya pamba usivitegemee. Pamba ikinyonya jasho inakaa mbichi. Hivi vyote ni kwa kila mtu, hivyo ukimpa lifti mfanyakazi mwenzako, ongeza seti.

Kisha tengeneza kopo. Watu wa Minnesota wana mazoea haya ya zamani na mimi nayakubali. Chukua kopo la bati la kahawa, lile kubwa. Weka ndani mishumaa miwili minene, kiberiti kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kikombe kidogo cha bati, na filimbi. Mshumaa ukiwaka ndani ya kopo hauanguki, na juu yake unayeyusha theluji ya kunywa kwenye kile kikombe. Uweke mahali palipo sawa, mbali na mablanketi, kioo kikiwa wazi kidogo, na usilale ukiwaka. Theluji usiile ikiwa kavu, inapoza mwili kutoka ndani. Maji ya chupa jaza theluthi mbili, kwani yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa itapasuka. Chakula kiwe kile unachoweza kutafuna kikiwa kimeganda: karanga, zabibu kavu, biskuti. Chokoleti nene itakuvunja jino.

Tukija kwenye betri: kwenye −18 inabaki na takriban nusu ya nguvu zake za kuwashia, wakati huohuo oili imekuwa nzito na starta inahitaji nguvu zaidi. Betri iliyokuwa inawasha vizuri Septemba inakataa Januari kwa sababu hiyo, na wengi wanailaumu starta bure. Nyaya za yale maboksi mara nyingi ni geji 10, yaani namba ya unene wa waya, nyembamba mno. Nunua geji 4, namba ikipungua waya unanenepa, zenye urefu wa futi 16 hadi 20. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi inayotoka humo. Kuzitoa, rudi kinyumenyume. Lakini betri iliyoisha chaji inaweza kuganda, wakati iliyojaa haigandi kirahisi. Ukiona imevimba ubavuni, usiibusti, inaweza kulipuka.

Mchanga kilo 10, ndani ya galoni tupu za maziwa. Ule wa choo cha paka unafaa pia mradi usiwe wa kushikamana; huo ukilowa unakuwa uji na tairi linateleza zaidi. Chumvi ya kawaida chini ya −9 za Selisiasi haikusaidii sana. Mwaga mbele ya matairi ya mbele, ndiyo yanayovuta gari lako, kisha kanyaga mafuta taratibu. Tairi likizunguka bure linayeyusha theluji ikawa barafu, umejichimbia.

Mengine ni madogo. Maji ya kuoshea kioo yawe yameandikwa −20 za Farenhaiti au chini ya hapo. Upepo wa tairi hupungua takriban psi 1, kile kipimo cha geji ya upepo, kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selisiasi, hivyo uliojaza Septemba pungufu yake Januari ni psi 5 hivi. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti, baridi huimaliza. Kabla ya kutoka piga 511 usikie hali ya barabara. Ukikwama na mtandao ni hafifu, tuma ujumbe kwa 911, namba ya dharura, na utaje maili: namba za njia za kutokea kwenye I-94 hufuata maili, hivyo ukiwa karibu na 292 uko Valley City.

Halafu jambo ambalo hukuuliza. Gari lako lilitoka Texas, kwa hiyo huenda halina hita ya injini, ule waya wenye plagi unaouona umening'inia mbele ya magari ya Fargo. Mwambie fundi akufungie. Unachomeka saa mbili tatu kabla ya kuwasha, kwa waya wa nje wa geji 12 au 14. Na uchomoe kabla ya kuondoka. Kila mwaka kuna watu wanaoburuza waya mpaka kazini.

Mama yako anataka kukutumia soksi, mpe saizi ya mguu. Mimi nitumie picha ya stika ya betri yako, nione ilitengenezwa lini. Ikiwa imepita miaka minne, ipeleke ikapimwe kabla Oktoba haijaisha, maduka mengi ya vipuri hupima bure.

Baba yako