Kipenu cha friza na mashine ya kufulia: anza na maji, bati baadaye

Hapa Tanga mtu akitaka kujenga kipenu cha kuwekea vyombo vya umeme, kitu cha kwanza anahesabu bati zilizobaki siku ya kuezeka nyumba. Mimi nasema bati ziwe za mwisho. Jiulize kwanza maji yatatokea wapi na upepo wa bahari utaingilia wapi. Ukishajua hayo, kazi ya fundi inakuwa nyepesi, na mabishano naye yanapungua.

Sisi tunakaa Makorora. Ninauza barafu za ukwaju na ubuyu, kwa hiyo friza haizimwi, na friza ikikaa ndani inatoa joto usiku kucha. Ukiongeza mashine ya kufulia na pampu ya maji, sebule inageuka karakana. Ndipo tukaamua vyote vitoke ubavuni mwa nyumba.

Pima vyombo vikiwa vimefunguliwa. Friza ya kulala inataka nafasi ya mfuniko kusimama wima, na sentimita kumi au zaidi nyuma yake ili joto litoke. Mashine inayofunguliwa mbele inataka nafasi ya mlango pamoja na ya mtu aliyechuchumaa na beseni. Kwetu upana ulitoka mita 2 kutoka ukutani, na huo ni upana mzuri kwa sababu bati moja ya mita 2.5 inaufunika bila kuungwa, na bado linabaki kidogo la kuning'inia mbele.

Sasa urefu. Ukuta wetu chini ya paa una mita 2.5. Kipenu cha mita 2 kikishuka sentimita 35, mbele panabaki mita 2.15, mtu mrefu anapita bila kuinama. Usikubali mteremko mdogo kuliko huo. Mvua za masika zikija na upepo wa kusi, maji hupanda juu ya bati iliyolala.

Upande wa nyumba nao una maneno yake. Kusi unatoka kusini-mashariki na ndio unaosukuma mvua za masika ukutani. Magharibi nako jua la alasiri linachoma, friza itafanya kazi maradufu na LUKU utaiona inavyoyeyuka. Tulichagua ukuta wa kaskazini. Upepo wa kaskazi unaingia, ndiyo, lakini miezi yake mingi ni ya ukame. Bahari haionekani kutoka kwetu, ila chumvi yake inafika: tazama kitasa chochote cha chuma cha dirishani. Kwa hiyo mlango tuliweka wa mbao, misumari ya bati ikawa ya zinki yenye kofia za mpira, na friza inakaa juu ya vibao, haigusi sakafu. Kila wiki naipangusa chini na nyuma kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu, waya ukiwa umechomolewa.

Mahali ambapo vipenu vingi huharibikia ni pale bati inapokutana na ukuta. Fundi atapigilia mbao ukutani, ataegemeza bati, halafu atapaka saruji kwenye ukingo. Siku hiyo inapendeza. Lakini bati mchana inachemka na kutanuka, usiku inasinyaa. Saruji haina habari hiyo, inapasuka, na maji yanashuka ukutani nyuma ya friza, pale pale penye soketi. Kama paa la nyumba limetokeza vya kutosha, ingiza bati za kipenu chini yake na umemaliza. Kama halikutokeza, fundi achimbe mfereji mwembamba ukutani, sentimita 15 juu ya bati, aingize ukingo wa bati laini iliyokunjwa ishuke kufunika migongo ya bati za kipenu. Saruji iishie ndani ya mfereji, isishike bati za chini. Wangu aliniambia, "Mama, hiyo ni kazi ya siku nzima." Nikamwambia, "Fundi, siku nzima nitakulipa."

Kama nyumba yako ni ya zamani, ya miti na udongo, usiutegemee ukuta wake ubebe chochote. Kipenu kisimame kwa nguzo zake pande zote mbili. Hata nyumba ya tofali za saruji, usiunganishe ukuta mpya na wa zamani. Msingi mpya utadidimia kidogo, nao ufa utautafuta mshono. Nguzo za mbao ziwe zilizotiwa dawa na zikae juu ya zege, maana mchwa wa hapa hawasubiri.

Jamvi la sakafu lipande tofali moja juu ya uwanja na literemke kuelekea nje, sentimita mbili kwa kila mita. Mashine moja inaweza kumwaga lita hamsini na zaidi kwa mfuo mmoja. Maji hayo yapewe shimo lake la kokoto, yasiende kujaza karo la choo. Na kabla ya kununua mashine inayojiendesha yenyewe, soma inataka presha gani. Tangi lililoinuliwa mita 3 linatoa presha ya bar 0.3 tu, na mashine nyingi zinataka zaidi. Zitabaki zinanguruma zikisubiri maji. Mwenye tangi fupi anunue ile ya vyumba viwili, unayoweza kuijaza hata kwa ndoo.

Umeme sitaki mzaha nao. Usivute waya wa kuungia kupitia dirishani. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, avute laini ya peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), na breka ile inayokata umeme unapovuja miliampia 30. Soketi ziwe juu, usawa wa kifua. Friza iwekewe kile kifaa kinachochelewesha umeme dakika chache unaporudi baada ya kukatika, la sivyo kompresa itakufa mapema.

Kuta zetu zimejengwa nusu, juu yake matofali ya matundu na grili, kwa sababu friza yenye barafu za wiki ina wapenzi wengi usiku.

Mtungi wa gesi usiweke humo. Gesi ikivuja hushuka chini, na chini ndipo kompresa ya friza inapowaka na kuzima. Jenereta vilevile, hata kama kuna matundu: moshi wake unaua bila kumwamsha mtu, na kipenu kimeegemea dirisha la chumba cha kulala. Na kabla hujachimba msingi, pita serikali ya mtaa uulize habari ya kibali na umbali kutoka mpaka wa jirani.